Mwezi Gani wa Kwenda Unguja?
Majira, pepo na watu wa Lualaba

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye leo anafanya biashara ya vitenge kati ya Kigoma na Kabalo, alikuja nyumbani na swali. Alikuwa ameweka pesa kidogo na alitaka kumpeleka bibi yake kuona bahari kule Unguja. Akaniuliza: «Mwalimu, wewe njo mutu wa vitabu. Niende mwezi gani?» Nilimjibu bila kufikiri sana: mwezi wa 7 ao wa 8, wakati wa vakansi kubwa. Watoto hawasomi, mvua hakuna, barabara zimekauka. Akaenda zake na furaha.

Mimi nikabaki na swali lile. Nilitambua kwamba jibu nililompa lilikuwa limekwisha kutolewa mara nyingi mbele yangu, na watu ambao hawakujua hata neno vakansi. Manahodha walilitoa, viongozi wa misafara walilitoa, na wazee wetu wa Lualaba walilijua kwa miguu yao, wengine kwa hiari, wengi kwa kamba shingoni. Basi niliona inafaa kuliandika katika kitabu chetu hiki cha desturi, maana majira nayo ni desturi, tena ya zamani kuliko nyingine nyingi.

Kwanza tupange hesabu. Huku kwetu Kabalo mwaka una sehemu mbili tu: masika, tangu mwezi wa 10 mpaka wa 4, na kiangazi, tangu mwezi wa 5 mpaka wa 9. Unguja haiko hivyo. Kule mvua inakuja mara mbili. Masika yao, ile mvua kubwa, inaanguka mwezi wa 3, wa 4 na wa 5. Halafu kuna mvua ndogo wanayoiita vuli, inayopita mwezi wa 11 na wa 12. Katikati ya mvua hizi mbili kuna vipindi viwili vya ukavu. Kimoja ni cha mwezi wa 1 na wa 2: jua kali, joto linapita digrii 30, bahari imelala. Kingine ni tangu mwezi wa 6 mpaka wa 10: hewa ya ubaridi kidogo, upepo mwingi, usiku mtu anatafuta shuka. Watalii wanajigawa katika vipindi hivyo viwili. Mwezi wa 4 na wa 5 hoteli nyingine zinafunga milango kabisa.

Mtu wa Kabalo akifuata kalenda ya kwao anaweza kukosea mara mbili. Mwezi wa 1 atasema ni wakati wa matope, kumbe Unguja watu wanaogelea. Mwezi wa 5 atasema kiangazi kimeingia, twende, kumbe Unguja mvua ingali inapiga mabati.

Wenyeji wa kule hawakuvipa vipindi hivyo majina ya mvua peke yake. Waliviita kwa majina ya pepo. Kaskazi ni upepo unaotoka kaskazini-mashariki, tangu mwezi wa 12 mpaka wa 3. Kusi ni upepo unaotoka upande wa kusini, tangu mwezi wa 4 mpaka wa 9 ao wa 10. Kati ya hizo mbili kuna siku ambazo upepo haujaamua, chombo kinaweza kwenda huku ao kule, njo maana wanaziita tanga mbili. Sababu yake tunaifundisha darasani: miezi ya 6 mpaka 8 nchi kavu ya Asia inapashwa moto sana, hewa yake inapanda juu, na hewa ya bahari ya kusini inakimbia kujaza nafasi. Mwezi wa 12 mpaka wa 2 Asia imekuwa baridi, hewa inarudi. Ni kama pumzi ya mtu mkubwa, mara moja ndani, mara moja nje, kila mwaka. Tena upepo wetu wa kiangazi, ule unaotujazia vumbi machoni mwezi wa 7, unatoka kusini-mashariki. Ni ndugu wa kusi. Wanafunzi wakisikia hivyo wanacheka, wanadhani mwalimu anawatania.

Jahazi la tanga haliwezi kushindana na upepo njia nzima. Kwa hiyo mfanya biashara wa Omani, wa Ghuba ao wa Bara Hindi hakuulizwa anapenda kwenda Unguja mwezi gani. Alikuja na kaskazi, akafika mwezi wa 1, wa 2 ao wa 3. Kurudi hakuwezi mpaka kusi ianze, mwezi wa 4. Na hapo asichelewe, kwa sababu mwezi wa 6 na wa 7 kusi inakuwa kali mno na bandari za Arabuni hazifikiki vizuri. Aliyechelewa alikaa kisiwani mpaka kusi ipungue, mwezi wa 8 ao wa 9. Ibn Battuta, yule msafiri wa Tanja, alifika Mombasa na Kilwa karibu na mwaka 1331, halafu akapanda kurudi Dhofari kwa njia ya pepo hizo hizo. Karne sita baadaye mambo yalikuwa yale yale. Mwaka 1939 mbaharia wa Australia, Alan Villiers, alikuwa Unguja ndani ya jahazi la watu wa Kuwait. Lilishuka na kaskazi, likapakia boriti za mikoko kwenye mdomo wa mto Rufiji, kisha likangoja kusi ili kurudi.

Kungoja huko ndiko ninakotaka msomaji anisikilize. Tunasema leo «kwenda vakansi kisiwani», tunafikiri ni desturi ya wazungu. Lakini mabaharia wale walikaa kisiwani majuma mengi, wengine miezi mitano, bila kuweza kuondoka. Wakifika waliuza tende, chumvi, papa mkavu na mazulia. Wakanunua pembe, boriti na karafuu. Waliegesha chombo ufukweni, wakakikwangua, wakakipaka mafuta ya papa. Baada ya kazi kuisha, upepo ungali bado. Basi walipangisha chumba, wakaoa, wakapika, wakakopeshana, wakagombana, wakafundishana maneno. Mimi naona Kiswahili kilikomaa katika miezi hiyo ya kukaa bure kuliko katika ile ya biashara. Sarufi yake ni ya kibantu kama Kiluba chetu, wala hakuna mtu wa Kabalo anayeshangaa akisikia «mtu, watu», lakini maneno mengi ya sokoni, ya dini na ya sheria yaliingia kupitia nyumba za wangojaji.

Kalenda yao nayo ilifuata upepo. Mwezi wa Kiislamu unafuata mwandamo, kwa hiyo Ramadhani inazunguka mwaka mzima, haiwezi kumwambia baharia lini kaskazi itaanza. Kwa kazi hiyo Waswahili walitumia mwaka wa jua, unaoanza siku ya Nairuzi, neno lililotoka Uajemi. Walihesabu siku kumi kumi kutoka Nairuzi, kila kumi moja inaitwa mwongo, na nahodha alijua mwongo gani ni wa kusafiri na upi ni wa kuvuta chombo pwani. Siku hiyo ya mwaka mpya inasherehekewa hata leo Makunduchi, kusini ya kisiwa, mwezi wa 7. Wanaiita Mwaka Kogwa. Wanaume wa pande mbili za mji wanapigana kwa mabua ya migomba, kibanda kinachomwa moto, watu wanaoga baharini, wanapika, wanakaribisha wageni. Mtu wa vakansi akifika Unguja katikati ya mwezi wa 7 anaweza kuiona.

Sasa tutoke kisiwani, tuingie bara, maana upepo haukuishia ufukweni. Bidhaa zilizoshushwa na kaskazi zilipaswa kupanda juu, na pembe zilipaswa kushuka ili zikute majahazi. Kati ya bahari na Ujiji kuna zaidi ya kilomita elfu moja kwa miguu. Hapo mwenye amri hakuwa tena upepo, ilikuwa mvua. Wapagazi Wanyamwezi walikuwaka wakulima. Waliacha nyumba baada ya mavuno, kiangazi, na walitaka kurudi mbele ya mvua ya kupanda. Aliyetaka wapagazi wakati wa kulima aliwakosa, ao aliwapata kwa bei kali, na njiani walimtoroka.

Angalia tarehe za wasafiri waliojulikana, utaona nani alisikiliza wenyeji. Burton na Speke walitoka pwani mwezi wa 6 mwaka 1857, masika imekwisha. Wakafika Ujiji mwezi wa 2 mwaka 1858. Mapadri Weupe wa kwanza walitoka Bagamoyo mwezi wa 6 mwaka 1878, wakafika Ujiji mwezi wa 1 mwaka 1879. Stanley yeye alikuwa na haraka ya gazeti. Alitoka Bagamoyo mwezi wa 3 mwaka 1871, masika ikamkuta katika bonde la Makata, wakatembea ndani ya maji na matope, punda wakafa. Cameron alifanya kosa lile lile mwezi wa 3 mwaka 1873, na mwenzake Moffat, mpwa wa Livingstone, alikufa kwa homa miezi miwili tu baadaye. Stanley alijifunza, maana mara ya pili, mwaka 1874, aliondoka mwezi wa 11.

Halafu kulikuwa na ziwa. Tanganyika yetu ina urefu karibu kilomita 670, na upepo wa kiangazi unalipiga kwa urefu wake, kutoka kusini kwenda kaskazini. Mawimbi yanapata nafasi ya kukua. Wakati wa masika upepo si wa kudumu hivyo, lakini dhoruba inatokea ghafula na radi zake. Kwa hiyo kila majira yana hatari yake, na wazee wa mitumbwi walishika kanuni: ambaa na pwani, vuka pembamba, toka usiku ao alfajiri. Kutoka Ujiji walishuka kusini mpaka rasi ya Kabogo, wakavuka hapo. Kabogo ilikuwa na pepo wake waliokaa mwambani, na Cameron aliona mwenyewe jinsi waendesha mitumbwi walivyotupa ushanga majini kabla ya kupita.

Kituo cha upande wetu kilikuwa kisiwa. Msomaji asisahau kwamba sisi nasi tuna visiwa. Mwezi wa 3 mwaka 1858, katikati ya mvua, Speke alivuka mpaka kisiwa cha Kasenge, pwani ya magharibi, kumwomba Sheikh Hamed bin Sulayim amwazime jahazi lake. Njiani, usiku mmoja wa dhoruba, mdudu aliingia ndani ya sikio lake. Alijaribu kumtoa kwa kisu, akaumia vibaya, akawa kiziwi wa sikio hilo kwa miezi. Jahazi hakupewa; aliambiwa angoje. Huyo njo mzungu wa kwanza niliyesoma habari zake akikaa kama mgeni kwenye kisiwa cha upande wetu, na sidhani angewashauri wenzake mwezi wa 3. Miaka ya baadaye, tangu 1885 mpaka 1888, Hore wa misioni ya London aliishi na bibi yake na mtoto wao kwenye kisiwa cha Kavala, karibu na Mtowa, kaskazini kidogo ya Kalemie ya leo. Hore alikuwa baharia wa kweli, na yeye aliyapima maji na pepo za ziwa kwa uvumilivu kuliko wote waliomtangulia.

Kutoka Mtowa njia ilipanda kwenda Kabambare, Kasongo na Nyangwe, na matawi mengine yaliingia Buluba, nchi ambayo watu wa misafara waliiita Urua. Na huku pia watu walingoja. Msafara uliokutwa na masika ulisimama. Livingstone alikaa Kabambare tangu mwezi wa 7 mwaka 1870 mpaka mwezi wa 2 mwaka 1871, miguu ina vidonda, wapagazi hakuna. Cameron alipofika Kilemba, kwa Kasongo Kalombo, mwishoni mwa 1874, alizuiliwa huko masika yote, akingoja msafara wa mfanya biashara kutoka Angola. Aliyemkaribisha vizuri huko Kilemba ni mtu wa pwani aliyeitwa Juma Merikani. Fikiri: mwaka 1874, katikati ya Buluba, kuna nyumba ya mtu anayesema Kiswahili, ana shamba, ana wapishi, ana majirani, anangoja pembe zake zijae. Watoto wa majirani hao walisikia nini mlangoni kwake kila siku? Kule Kasongo, makao ya Tippu Tip, wangojaji walipanda mpunga mpaka Maniema ikawa nchi ya mchele. Mpunga hauoti kwa mtu anayepita njia. Lugha vilevile. Ilishika mizizi mahali ambapo msafara ulizuiliwa na mvua.

Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip mwenyewe, alitoka Unguja mwaka 1870 akarudi mwaka 1882. Miaka kumi na miwili! Alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, yakaandikwa, na leo ni moja ya vitabu vya kwanza vya maisha ya mtu katika lugha hii. Alikufa katika nyumba yake ya Mji Mkongwe mwaka 1905. Watalii wanapigwa picha mbele ya mlango wake.

Hapa kalamu inakuwa nzito. Nimesema juu ya mpunga na lugha, lakini kalenda ile ile iliendesha jambo lingine. Kiangazi, njia zikikauka, ndipo pia watu walipokamatwa na kusukumwa. Tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka 1871, siku ya soko kule Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba hii hii inayopita kwetu, watu wa Dugumbe walifyatua bunduki juu ya mamia ya wanawake waliokuja kuuza samaki na unga. Wengi walijitupa mtoni wakazama. Livingstone alikuwepo, siku chache baadaye aliondoka, hakutaka tena kusafiri na watu wale, na hesabu aliyoiandika ilikuwa kati ya 330 na 400 ya waliokufa. Tulikuwa tunafungua mahojiano ya wazee wa Kongolo na Kabalo miaka iliyopita, na kila mmoja alisema kiangazi njo wakati mama zao waliwakataza watoto kwenda mbali na kijiji. Wao wenyewe hawakujua tena sababu, walisema ni juu ya moto wa majani. Pengine ni moto kweli. Mimi nina mashaka.

Waliokamatwa wakapelekwa Ujiji, Tabora, Bagamoyo, na wengine wakavushwa mpaka kisiwani. Wale walioendelea kwenda Arabuni walipakiwa kwa upepo wa kusi. Serikali ya Unguja ilijua hesabu hiyo vizuri. Mwaka 1864 Seyyid Majid alipiga marufuku kusafirisha watumwa kwa vyombo tangu mwezi wa 1 mpaka mwisho wa mwezi wa 4 kila mwaka, yaani miezi ambayo majahazi ya kaskazini yako bandarini yakingoja. Sheria nzima ilijengwa juu ya upepo! Haikutosha, wala haikutazamiwa kutosha. Mwaka 1873 Seyyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko na kukataza biashara hiyo baharini kwa majira yote. Utumwa wenyewe uliondolewa na sheria mwaka 1897. Juu ya uwanja wa soko Waanglikana walijenga kanisa ambalo mgeni yeyote wa Unguja anaonyeshwa. Anaonyeshwa pia shimo la Mangapwani, mahali watu walipofichwa baada ya 1873, na kisiwa kidogo cha Changuu, chenye kobe wakubwa walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Watalii wanapenda kobe. Kabla ya kobe, Mwarabu mwenye kisiwa alikuwa akifungia pale watumwa wakaidi.

Waliobaki Unguja waliitwa Wamanyema, jina moja kwa watu wengi wa ng'ambo ya ziwa: Bahemba, Basongye, Baluba, Babangubangu. Mtu wa Kabalo akitembea mitaa ya Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, asitembee kama mgeni kabisa.

Upepo ulipoteza amri yake polepole. Mwaka 1869 mfereji wa Suez ulifunguliwa, na tangu 1872 meli za moshi za kampuni ya Waingereza zilileta barua Unguja kila mwezi, kusi ao kaskazi. Mwaka 1887 Tippu Tip na Stanley walipanda meli Madura kule Unguja mwezi wa 2, wakazunguka Afrika yote ya kusini, wakafika Banana kwenye mdomo wa Kongo mwezi wa 3. Kwa miguu na tanga ingekuwa miaka. Halafu reli. Ile ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Ile ya CFL kutoka Kabalo, kilomita 273, ilifika ziwani, Albertville, mwaka 1915. Tangu siku hiyo Kabalo imekuwa mahali pa kushuka mtoni na kupanda treni, na kwa kanuni mtu wa hapa angeweza kwenda baharini bila kumwuliza wala mpagazi wala mvua. Mwaka 1921 Wabelgiji walipata hata sehemu zao katika bandari za Kigoma na Dar es Salaam.

Nasema kwa kanuni. Msomaji wa Kabalo anajua treni yetu. Anajua masika inavyokula tuta la reli, anajua kungoja kwenye stasheni na mizigo, mama amewasha mbabula, watoto wamelala juu ya magunia. Anajua pia ziwa linavyoweza kupanda, kama mwaka 1964, na tena mwaka 2024 lilipoingia katika nyumba za watu wa Kalemie. Tangu 2022 Kongo yetu iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na karatasi zinasema njia imefupishwa. Mvua na upepo havijasoma karatasi hizo.

Basi nikarudi kwa jibu langu. Kwa Unguja peke yake, mwezi wa 7 na wa 8 ni mzuri: mvua imekwisha, joto ni dogo, Mwaka Kogwa inapita, vakansi ya watoto inakubali. Ubaya wake ni watalii wengi na bei kupanda. Mwenye nafasi ya mwezi wa 2 atapata bahari tulivu na joto la kutosha, lakini atatoka Kabalo katikati ya matope yetu, na hapo sipendi kusema atatumia siku ngapi mpaka Kalemie. Mwezi wa 9 mimi naupenda kuliko yote, kusi imepungua, lakini mwalimu hawezi kuondoka mwezi wa 9, shule zinafunguliwa. Jambo moja nililisahau kabisa siku ile. Mimi niliyemaliza pedagojia katika historia nilihesabu mvua ya Kabalo na upepo wa Unguja, nikasahau ziwa lililo katikati. Mwezi wa 7 ndiyo upepo wa Tanganyika unapiga vibaya.

Mwanafunzi wangu alinipigia simu kutoka Kalemie. «Mwalimu, ulitudanganya. Tuko tunangoja tu.» Walikuwa bandarini, meli hakuna, na wenye balenieri walikuwa wakitazama mawimbi kila alasiri, wanatikisa kichwa. Nilimwambia toka alfajiri, kama wazee wa Kabogo. Akanijibu kwamba hata wenye balenieri walisema hivyo hivyo, lakini mashine ilikuwa ikitengenezwa. Walingoja siku tatu. Bibi yake alizitumia siku hizo kusukwa nywele na mama mmoja muuza dagaa, mzaliwa wa Ujiji, ambaye babu zake, alisema, walitoka «ng'ambo, kwa Wamanyema», hakujua kijiji gani. Waliporudi kutoka Unguja na karafuu zao na picha zao za kobe, walishukia kwa mama huyo. Sasa bibi anamtumia unga wa muhogo kila anapopata mtu wa kwenda Kigoma, na mama anarudisha dagaa.